Mguu wa Kushoto wa Gordy
Sehemu ya saba

Taa ya kijani imewaka, na gari la njano halijatoka.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na wasomaji kadhaa wameniandikia kunitukana kwa kuwaacha mdomo wazi. Matusi nimeyapokea. Sasa tazameni wenyewe. Gordy Vanderlaan yuko kwenye mstari wa kuanzia mbio, injini inanguruma mpaka vioo vya kibanda cha waamuzi vinatetemeka, na kwenye njia ya pili Rusty Boyle ameshaondoka zamani. Gordy, bingwa wa kuondoka mstarini katika Michigan nzima, amebaki palepale kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

"Ondoka," akasema mkewe, Marlys, kwa sauti ya chini. Alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa zege na kikombe cha kahawa mkononi. "Ondoka, mume wangu. Unangoja nini?"

Halikuondoka. Marlys akaona helmeti ya mumewe ikiinama, ikazama chini ya usukani, kisha ikainuka. Ndipo gari likajikongoja mbele, kwa mwendo wa mtu anayetafuta maegesho kanisani. Watu wa jukwaani wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, maana Gordy ni mtu wao, lakini walicheka.

Marlys akaimwaga kahawa kwenye majani, akaanza kutembea kwa haraka kuelekea walikoegesha lori lao.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mazoezi. Mbio zenyewe zilikuwa kesho yake, na kura ya kuwapanga wa raundi ya kwanza ilikuwa imeshapigwa: Gordy Vanderlaan dhidi ya Kendra Vanderlaan. Baba na binti, mstari mmoja, kwa mara ya kwanza. Gordy aliingojea siku hiyo tangu Kendra hajawa na miguu ya kufika kwenye pedeli. Wiki nzima alikuwa akipiga mluzi jikoni.

Marlys alipofika, gari lilikuwa limesharudi. Nyigu, ndivyo walivyoliita, kwa rangi yake na kwa kelele zake. Gordy alikuwa ameufungua mlango, lakini bado ameketi ndani, ameshika usukani.

Rusty Boyle alikuwa amewahi kufika. Huyu ni rafiki yake wa tangu shuleni, na kwa watu hawa rafiki ni yule anayekucheka mbele ya wengine.

"Mzee, ulikuwa unasubiri rangi gani?" Rusty akauliza. "Kijani ndiyo ya mwisho. Hawana zambarau."

"Cheka tu," Gordy akasema. "Kompyuta imekataa. Breki nimeachia, gari limekataa."

"Lile gari lako la zamani la klachi halikuwahi kukataa."

"Na wewe halikuwahi kukuacha ushinde."

"Hilo ni kweli," Rusty akakubali. "Ndiyo maana nililia kwa furaha ulipoliuza."

Kendra alikuwa amechuchumaa karibu na tairi la nyuma, anapima upepo. Msichana mrefu, nywele kazifunga kwa kamba ya kiatu, uso wa baba yake mtupu. "Baba, kompyuta nitaisoma mimi," akasema. "Labda breki haikukandamizwa vya kutosha ndiyo mfumo ukachanganyikiwa."

"Labda," Gordy akasema, bila kumtazama.

Hapo akaja Verna Stroud, msimamizi wa uwanja, na koti lake la mvua la rangi ya machungwa. Verna ni mwanamke ambaye hata mvua huwa inamwomba ruhusa.

"Gordy," Verna akasema. "Gari au dereva?"

"Gari."

"Shuka basi tuongee."

"Naangalia kompyuta kwanza."

Verna akainama mlangoni. "Sikiliza, kaka. Gari likigoma mstarini, watu wanacheka, basi, tunakula soseji tunasahau. Lakini mguu ukigoma, leo umegomea mstarini, kesho unaiangukia breki katikati ya njia. Gari linahamia upande wa pili. Na kesho upande wa pili yuko nani?"

Kendra aliendelea kupima tairi ambalo alikuwa ameshamaliza kulipima.

"Kama ni gari, litengeneze, kesho ukimbie na mwanao," Verna akasema. "Kama ni wewe, nipe kadi yako ya udereva wa mbio sasa hivi. Na usinichukie."

"Mguu wa baba?" Kendra akainuka akicheka. "Aunti Verna, mguu wa kushoto wa baba una mashabiki kuliko mimi."

Wote wakacheka, na walikuwa na haki. Miaka yote ya gari la klachi, mguu ule ndio ulioleta vikombe nyumbani. Wengine waliiachia klachi wakazima gari, wengine waliiachia wakachoma tairi wakabaki na moshi wao. Gordy aliiachia, na gari likaondoka safi. Wazee wa uwanjani walikuwa wakisogea karibu na ukuta ili waone kiatu chake tu. Marlys mwenyewe, enzi zile akiuza soseji kwenye dirisha la kibanda, aliupenda mguu kabla hajampenda mwenye mguu.

Kwa hiyo aliposikia Verna akiutilia shaka, damu ilimchemka.

"Nitaliendesha mimi," akasema.

Verna akageuka. "Wewe?"

"Kadi ninayo. Nilikuwa nakimbia hapa kabla hujawa bosi wa mtu. Nitalipeleka mstarini, nitalifyatua kama alivyolifyatua yeye. Likigoma na mimi, mtajua ni gari, na utamwomba msamaha mume wangu mbele ya watu wote."

"Nitamwomba," Verna akasema. "Kwenye kipaza sauti, ukitaka."

"Nataka."

"Hapana," Gordy akasema.

Wote wakamtazama. Ilikuwa sauti ndogo, haikuwa yake.

"Marlys, hapana. Gari lenyewe bovu. Hulijui."

"Nimelipeleka kununua mayai, silijuije?"

"Si sawa na mstarini."

"Na mstarini nilikuwepo kabla ya mayai. Shuka, Gordy."

Mumewe akashuka, akiwa ameshika paa la gari kwa mikono miwili, akazunguka mlango akiegemea. Marlys akadhani ni kukaa sana. Mwanamke anayempenda mumewe hakosi kumpatia sababu ya kila kitu, na huyu alikuwa nazo tele.

Akaingia, akavuta kiti mbele, akavaa helmeti. Gordy akainama kumfungia mkanda, kama alivyokuwa akifanya zamani. Uso wake ulikuwa karibu kabisa, na ulikuwa na jasho ingawa hewa ilikuwa baridi.

"Usiikanyage breki kwa nguvu," akamnong'oneza.

"Nini?"

"Ikanyage kidogo tu. Basi, Marlys. Kidogo tu."

Akafunga mlango, akapiga paa kwa kiganja kama kawaida yake, akaondoka zake upande wa lori. Hakugeuka nyuma.

Marlys akaingia kwenye foleni ya magari yanayongoja zamu. Mbele yake kulikuwa na lori kuukuu jeusi na kijana mwenye gari la baba yake. Foleni ilikwenda polepole, na hapo ndipo balaa lote lilipotokea, ndani ya kichwa chake, akiwa amekaa tu.

Maana kila mwenye gari la aina hii anajua. Hakuna klachi. Dereva anaweka gari kwenye mtindo wa mbio, anakandamiza breki kwa mguu wa kushoto kwa nguvu zote, kisha anakanyaga mafuta mpaka sakafuni kwa mguu wa kulia. Kompyuta inalishika gari, injini inanguruma bila kwenda popote, na dashibodi inaandika kwamba liko tayari. Ukiachia breki kwa mpigo mmoja, limefyatuka. Ila breki isipokandamizwa sawasawa, kompyuta inakataa kulishika, na gari linaondoka kivivu kama la kwenda sokoni.

Gordy ndiye aliyemfundisha. Ilikuwa majira ya kuchipua, kwenye uwanja mtupu wa duka lililofungwa, siku walipolileta gari nyumbani. "Ikanyage breki kana kwamba unataka kuitoboa sakafu," alimwambia, na alirudia mpaka wakacheka.

Sasa anamwambia kidogo tu.

Foleni ikasogea. Marlys akasogea nayo.

Akaikumbuka helmeti ikiinama chini ya usukani. Kompyuta haiko kule chini. Kule chini kuna miguu. Mumewe hakuinama kuangalia chochote. Aliyaachia mafuta, akainama kuuchukua mguu wake kwa mkono, kuutoa juu ya breki, kwa sababu wenyewe haukutoka.

Baada ya hapo mengine yalikuja bila kuitwa. Viatu vipya tangu Krismasi, jozi baada ya jozi, cha kushoto kikilika ncha, na Gordy akilaumu viwanda vya siku hizi. Kuhamia chumba cha chini kwa sababu ya mgongo, eti ngazi zinamuumiza. Gari la klachi, lile alilosema atazikwa nalo, kuuzwa ghafla kwa mtu wa mbali, na yeye kumwambia mkewe kwamba zama za klachi zimekwisha, mama, twende na wakati. Na yeye Marlys akamtengenezea pai ya cheri kusherehekea. Aliyaona yote, akayapokea yote, akayala na pai.

"Mjinga wewe," akajiambia ndani ya helmeti. Kisha akamwambia na mumewe. "Na wewe pia. Na wewe pia, Gordy."

Lori jeusi likaondoka. Kijana akaondoka. Mtu anayemwagia lami maji akampungia mkono.

Akaingia kwenye maji, akazungusha tairi zipate joto mpaka moshi ukampita dirishani, akasogea. Mbele ya mstari alikuwa Kendra, anatembea kinyumenyume, anamwita kwa vidole: njoo, njoo, kidogo, simama. Hiyo ilikuwa kazi ya Marlys kwa Gordy kila Jumapili, na leo mtoto aliifanya kwa mama. Kendra akamkonyeza, akainua kidole gumba, akakimbia kando.

Njia ya pili ilikuwa tupu. Marlys akaitazama. Ilikuwa lami nyeusi iliyojaa mpira wa matairi, ukuta wa zege upande wa mbali. Kesho Kendra atakuwa pale.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa juu ya breki, umelala tu.

Ilikuwa rahisi, ndugu zangu. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Angekanyaga kidogo, gari lingekataa, angeteremka anang'aka, Verna angeomba msamaha kwenye kipaza sauti. Jioni Gordy angepiga tena mluzi jikoni. Kesho angepanda gari akiwa amevaa lile shati la bahati, angesimama mstarini kando ya mwanawe, na huo mguu ungekuwa juu ya breki, na mafuta yamezama sakafuni, na hakuna ambaye angejua utaamua nini, na utaamua lini.

Aliona kichwa cha mumewe kwa mbali, kando ya lori. Alikuwa amekaa kwenye sanduku la barafu, anatazama chini. Hakutaka hata kuona.

"Nisamehe," Marlys akasema.

Akaikandamiza breki kwa nguvu zake zote.

Lakini msimdhanie shujaa. Alikuwa bado na tumaini moja, dogo, la aibu, na alilishika kwa mikono miwili. Huenda gari lenyewe likakataa. Huenda amemsingizia mumewe, na kweli kuna waya umekatika, na yeye ni mke mbaya mwenye mawazo mabaya. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikapanda, gari likatetemeka chini yake.

"Goma," akaliambia. "Tafadhali. Goma."

Dashibodi ikaandika kwamba liko tayari.

Taa za njano zikashuka, moja, ya pili, ya tatu. Akaachia.

Jamani, liliondoka. Mgongo wake ukagandamizwa kwenye kiti, pumzi ikamtoka, mbele ya gari ikainuka kidogo na lami ikaja yote kwa pamoja. Halikusita, halikuteleza, halikufanya kosa hata dogo. Katika miaka yake yote ya uwanjani Marlys hakuwahi kuondoka mstarini hivyo. Machozi yalimtoka yakaenda kando, kuelekea masikioni, kwa sababu ya kasi.

Alipouvuka mstari wa mwisho akasikia jukwaa zima likishangilia. Kipaza sauti kikawa kinapiga kelele: "Bi Marlys Vanderlaan, mabibi na mabwana. Ameupita muda wa mumewe."

Muda wa mumewe ulikuwa umeandikwa kwenye kioo cha dirisha, kwa rangi nyeupe ya viatu, kwa mkono wa Gordy mwenyewe. Ndivyo wanavyofanya: kila dereva anaandika kiooni mwake muda anaouahidi, na siku ya mbio akienda kasi kuliko alivyoandika, ameshindwa. Marlys alikuwa ameushinda kwa mbali. Akageuza gari kando ya shamba la mahindi, akasimama, akavua helmeti, akalia kwa sauti mahali ambapo ni mahindi tu yaliyomsikia.

Kisha akajifuta kwa mkono wa shati. Ilibidi arudi.

Njia ya kurudi inapita nyuma ya jukwaa. Watu walimpigia makofi, mzee mmoja akamwinulia chupa. Alishusha kichwa akapita.

Gordy alikuwa bado kwenye sanduku la barafu. Verna amesimama mbele yake, mkono umenyooka, kiganja kimefunguliwa. Rusty Boyle alikuwa amevua kofia, na alipomwona Marlys akishuka, akajifanya ana kazi chini ya boneti ya gari lake.

Gordy akatoa kadi mfukoni mwa shati. Akaitazama picha yake mwenyewe, ya zamani, yenye masharubu. Akampa Verna.

"Kesho uje ukae nami kwenye kibanda," Verna akamwambia. "Uiwashe taa wewe, akikimbia Kendra. Ukitaka."

"Sitaki kibanda."

"Sawa, kaka. Sitakulazimisha." Akamgusa bega, akaenda.

Wakabaki wawili. Kendra alikuwa bado kule mstarini, anapokea pongezi kwa niaba ya mama yake.

"Ungeniachia," Gordy akasema.

"Nisingeweza."

"Ungeweza. Nilikuonyesha namna. Kidogo tu, nilikuomba."

"Na kesho ungekuwa kando ya mtoto wetu na mguu usioujua uko wapi."

"Unadhani sijui hilo?" Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Kesho nilitaka kukaa mstarini naye. Nisikie gari lake kando yangu. Taa ya kijani iwake, aende yeye, mimi nisiende. Mafuta nisingeyagusa kabisa, Marlys. Nilikuwa nimeshaamua. Ningekaa tu pale nimwone akiondoka. Kisha ningemrudishia Verna kadi mimi mwenyewe, na mguu wangu ungestaafu na heshima yake. Hilo tu ndilo nililotaka."

Marlys akakaa chini kwenye majani, mbele ya mumewe, na suruali yake nzuri. Alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, akaishia kumshika goti.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza. "Tangu lini? Ulinidanganya kwa viatu, Gordy. Ulilala chumba cha chini, nikalia peke yangu juu, nikidhani umenichoka."

"Ulilia?"

"Kila siku."

Hilo lilimuuma kuliko kadi. Akaufunika uso kwa viganja.

"Nilikwenda kwa daktari wakati wa theluji," akasema kutoka nyuma ya mikono. "Nikakwambia naenda kununua betri. Wakanipima. Ni mishipa ya fahamu, inakufa kidogo kidogo kuanzia chini. Haiui. Haitibiki pia. Leo vidole, kesho kifundo, halafu mikono."

"Tungeenda wote. Ningekushika mkono. Mimi ni nani kwako?"

"Nilitaka kukwambia. Nilifika nyumbani, ukawa jikoni na Kendra, mnacheka, unga umewajaa usoni. Sikuweza."

"Kwa sababu ya unga?"

"Kwa sababu ya Kendra."

Marlys akamwondoa viganja usoni.

"Si ajali, Marlys. Si uzee. Inatembea kwenye damu. Baba yangu alikuwa akiburuta mguu, tukasema ni vita. Ni hiyohiyo. Daktari aliniuliza kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja. Akasema mlete. Nikisema kuhusu mguu wangu, nimesema kuhusu wake. Nilikuwa nangoja amalize msimu. Msimu mmoja tu, akimbie bila kujua. Ndiyo hayo niliyokuwa nayaficha. Mguu wangu mimi, potelea mbali."

Marlys akageuka, kwa sababu Gordy alikuwa anatazama nyuma yake.

Kendra alikuwa amesimama kwenye kona ya lori. Mkononi ana karatasi ya muda wa mama yake, aliyoichukua kibandani ili aje kumtania nayo. Uso ulikuwa umemshuka. Hakukuwa na haja ya kumwuliza amesikia kuanzia wapi.

"Mwanangu," Gordy akasema.

"Daktari alikupimaje?" Kendra akauliza.

"Kendra, njoo ukae."

"Alikupimaje, Baba? Nijibu."

Gordy akamtazama mkewe, kisha akamtazama binti yake. "Aliniambia nifumbe macho. Akanigusa kidole cha mguu, nimwambie nikisikia."

Kendra akakaa juu ya tairi la akiba lililokuwa limelazwa pale. Akafungua kamba za kiatu cha kushoto, polepole, kama mtu asiye na haraka. Akavua kiatu, akavua soksi. Mguu ulikuwa mweupe na mwembamba.

"Mama," akasema. "Njoo wewe. Baba mikono inamtetemeka."

Marlys akasogea kwa magoti juu ya majani. Alitaka kumwambia tutakwenda hospitali, si hapa, si leo. Lakini mtoto alikuwa ameshafumba macho na kuinua kidevu, anangoja, na mikono ameishikamanisha mapajani.

Akanyoosha kidole chake. Akakiweka juu ya kidole gumba cha mguu wa mwanawe, akakikandamiza.

Upepo ulipita kwenye mahindi. Kule mstarini gari la mtu mwingine likanguruma, likaondoka. Gordy alikuwa ameshika ukingo wa sanduku la barafu kwa mikono miwili, hapumui.

Kendra alikuwa bado amefumba macho.

"Haya, Mama," akasema. "Mbona huanzi?"